Meseji ya Saa Moja Asubuhi

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Thika, nimeinama juu ya rundo la sweta za mtumba, nikasikia mtu nyuma yangu ananiita vile vijana wetu huita bibi, "Shosh, ni wewe?" Niligeuka nikamwona Mercy, yule aliyekuwa akiwachajia watu simu kule Ruiru, amenenepa, ana mtoto mgongoni. Niliiachilia sweta niliyoshika kabla kichwa hakijakumbuka sababu. Tulisimama tukiangalia zile sweta kana kwamba ndizo zilizotuita. Mwishowe akauliza polepole, "Shosh, uliwahi kunisamehe?" Mimi si mtu wa maneno matamu. Nilimwambia, "Nunulia huyo mtoto sweta, baridi ya Julai inakuja," nikachagua moja ya manjano nikamwekea mkononi. Lakini nilipofika nyumbani Ngoingwa sikuweza hata kuchambua mboga. Nilikaa kitini nikaupitia mwaka ule wote, kutoka mlango mmoja uliofungwa hadi mwingine, nikasema nitauandika. Nani alimzaa nani na nani alimwoa nani, hayo waulizeni wengine. Nilisoma hadi darasa la tatu. Ninachoandika hapa ni kile nilichokiona na macho yangu.

Mwaka huo ulianza na harufu. Nilikuwa nimepanga nyumba hapa Ngoingwa, nilikorudi baadaye, ukuta kwa ukuta na Mama Kihara, mjane kama mimi. Redio yake iliimba nyimbo za kanisa kuanzia asubuhi, nami nikiosha vyombo upande wangu nikasema, leo huyu amefurahi. Siku ya pili redio ikaimba. Siku ya tatu ikaimba. Ya nne nikagonga. Walipovunja mlango, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, sufuria ya uji mezani imeota ukungu, na yeye alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mkono umenyooshwa kuelekea lile komeo. Redio bado inaimba. Sitasema zaidi. Ila tangu siku hiyo sikuweza kufunga mlango wangu, na sikuweza kuuacha wazi. Nikioga niliweka ndoo katikati ya mlango usijifunge. Nikikohoa nilikisikiliza kile kikohozi, nikikiuliza kama ndicho. Na kila jirani aliyenisalimu asubuhi nilimjibu kwa sauti kubwa mno, hata watoto wakacheka, kusudi baadaye akumbuke kwamba siku fulani alinisikia.

Mjukuu wangu Nyambura ndiye aliyenitoa huko. Ana jina langu, kwa hivyo akili yake pia nahesabu ni yangu. Alinibeba na magodoro yangu hadi kwake Membley, ndani ya geti lenye askari anayekuandika jina hata kama jana alikuandika. Nyumba ilikuwa safi, kimya, kila mtu amejifungia kwake, na kwangu kimya hicho hakikuwa raha hata kidogo. Meza ya kulia haikuwa ya kulia. Ilibeba kompyuta mbili na nyaya zake, na sisi tulikula githeri kwenye kochi, sahani mapajani. Kutwa nzima Nyambura aliongea na watu nisiowaona. "Fomu ikiingia, hiyo ndiyo inaamsha kila kitu," alikuwa anawaambia. "Akiwa amejibu, pita njia hii. Akiwa hajajibu, pita ile." Mimi nikichambua maharagwe nilichungulia kwenye kioo cha kompyuta nikaona visanduku vya rangi vimeunganishwa kwa mishale, kama soksi zimeanikwa kwenye kamba. Hakuwa anaandika ile lugha ngumu ya kompyuta ambayo watu husomea miaka. Alivuta kisanduku, akakiweka mahali, akavuta mshale hadi kisanduku kingine, basi, kazi ya watu watatu ikawa inajifanya.

"Hiyo mimi naijua," nilimwambia siku moja.

"Shosh! Unajua nini wewe?"

Nikamweleza. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo Thika, kwenye mashine za kufuma. Kila uzi ulipita kwenye kijibati chembamba kama wembe. Uzi ukiwa mzima, unakishikilia kijibati juu. Uzi ukikatika, kijibati kinaanguka, mashine inasimama yenyewe bila kumwuliza mtu. Nyambura aliacha kutafuna. "Ai, Shosh. Hiyo ni workflow kabisa," jina wanaloita ile kamba yao ya visanduku.

"Hii yako inaweza kujua kama mtu ameamka?"

"Mtu gani?"

"Mtu mzee. Anayeishi peke yake."

Aliweka kijiko chini, akaelewa nilikuwa nimebeba nini kutoka Ngoingwa. "Haijui mtu, Shosh. Inajua tu meseji imerudi ama haijarudi."

"Hiyo inatosha," nilisema. Hapo nilikuwa nimekosea tayari, na sikuwa nimegusa kitu.

Alikataa kunijengea. Alisema kama ni mashine yangu nitaijua mwenyewe. Kwa wiki tatu nilikaa kwenye ile meza na mkono wangu juu ya mausi ya kompyuta, mkono uliojaa jasho kama wa mtu anayeshika nyoka, kwa sababu niliamini nikibonyeza vibaya nitazima taa za Membley yote. Nyambura alisimama nyuma na kikombe cha chai. "Vuta. Usiachilie. Vuta, Shosh, haiumi." Kisanduku cha kwanza kilikuwa saa: kila siku, saa moja asubuhi. Cha pili kilichukua majina tisa, wajane wa kikundi chetu cha kanisa, wengine Thika wengine Ruiru, na kumtumia kila mmoja neno moja: Umeamka? Cha tatu kilingoja. Baada ya hapo njia iligawanyika. Aliyejibu, jina lake likawa kijani. Asiyejibu, alitumiwa tena saa mbili, na ikifika saa tatu bado kimya, simu yangu ingelia mlio wa king'ora na mimi mwenyewe ningeenda kumtafuta. Nilipomaliza kuvuta mshale wa mwisho niliinua mikono kama mtu aliyejisalimisha kwa polisi.

Tuliiwasha Jumamosi mchana kuijaribu. Pale penye "kila siku" mimi nilikuwa nimechagua "kila dakika". Sikujua hadi simu yangu ilipolia. Alikuwa Mama Wambui, wa Ruiru, rafiki yangu tangu siku za kiwanda, mwanamke wa sauti ya tarumbeta, na kwake mimi ni Mama Kuria. "Mama Kuria! Nimeamka! Niliamka tangu Mungu aumbe Thika! Kwani unataka niamke mara ngapi?" Nyuma yake nilisikia simu ikilia tena. "Sikiliza, hiyo hapo nyingine! Niko kwa matanga, mchungaji ananiangalia!" Nyambura alikuwa ameanguka kwenye kochi akicheka machozi yakimtoka. Mimi sikucheka. Niliona jinsi kosa langu dogo lilivyotoka kwenye chumba kile na kufika sehemu tisa kwa mara moja, kabla sijapumua. Kiwandani ukikosea, unaharibu kitambaa kilicho mbele yako. Hapa sikuona kitambaa chenyewe kilikuwa wapi.

Lakini ilifanya kazi. Sitaficha fahari yangu. Saa moja kila asubuhi nilikaa na uji mbele ya kioo nikiangalia majina yakigeuka, moja, mawili, matano, na kila lilipogeuka kifua changu kililegea kidogo, kama unapofungua vifungo baada ya kushiba. Kanisani Ruiru walinisimamisha. Mwenyekiti wa akina mama akasema, "Huyu ni mama wa darasa la tatu," na watu wakapiga makofi, nami nikaketi vile malkia huketi. Hata usingizi ulirudi. Sikuangalia tena komeo, niliangalia kijani.

Kabla mvua ndefu hazijaisha, asubuhi moja Mama Wambui hakujibu. Saa mbili kimya. Saa tatu king'ora kikalia mfukoni mwangu nami nikapiga yowe ambalo askari wa geti alilisikia. Nilichukua akina mama wawili wa kikundi niliowapata njiani, tukaingia kwenye ile ploti yake ya vyumba vya kupanga tukilia tayari, mmoja wetu ameshaanza wimbo wa kuaga. Mama Wambui akafungua mlango akiwa na povu la sabuni kichwani na leso kifuani. Ploti nzima ilikuwa imetoka nje, wapangaji ishirini, hata fundi wa kuchomea vyuma kutoka ng'ambo ya barabara ameinua miwani yake ya giza.

"Mnamlilia nani?" aliuliza.

Wimbo ukakatika katikati.

"Nauliza, mnamlilia nani hapa kwangu?"

Baadaye alitupikia chai, lakini aliitia kwenye vikombe kwa hasira hadi ikamwagika. Soketi ya chumba chake ilikuwa imeungua, alisema, na mwenye nyumba ni wa kuahidi tu. Kwa hivyo jioni huwa anaacha simu ichajiwe kwa kibanda cha Mercy pale chini, na kuichukua asubuhi akienda kununua maziwa. Siku hiyo alikuwa amechelewa kushuka, ndiyo hiyo. "Sasa mimi nitapita wapi? Watoto wataniita marehemu." Tulicheka, sote wanne, na nikaona mambo yameisha. Sikujua kwamba jioni ileile alishuka kwa Mercy akamwambia, hii meseji ikiingia saa moja, wewe ijibu tu, andika niko salama, hawa wamama wasikuje tena kunizika. Mercy ni msichana wa adabu. Mzee akikuagiza, unafanya.

Kuanzia hapo jina la Mama Wambui ndilo lililokuwa la kwanza kugeuka kijani kila asubuhi. Saa moja na nusu dakika. Saa moja na dakika moja. Mwanamke ambaye miaka yote ya kiwanda alikatwa mshahara kwa kuchelewa, ambaye alichelewa arusi yake mwenyewe! Niliona, na nilijivunia. Nilimwambia Nyambura, "Tazama, hata Mama Wambui nimemfunza kushika saa." Leo nikilikumbuka neno hilo nataka kujipiga makofi.

Ilikuwa Jumatano, saa tano hivi. Kioo kilikuwa kimejaa kijani tangu asubuhi, majina yote tisa. Nilikuwa napika, na nilimpigia Mama Wambui kwa jambo la kipumbavu tu, nimkumbushe alete nduma za kuchemsha kwa maombi ya Ijumaa. Simu ikapokelewa na sauti ya msichana.

"Hallo? Mama Wambui hayuko karibu. Simu yake iko hapa kwa chaji."

"Wewe ni Mercy? Ni Mama Kuria. Akija mwambie anipigie."

"Sawa, Shosh. Akirudi nitamwambia."

"Akirudi kutoka wapi?"

"Si alisema ataenda kwa dadake Murang'a? Hii simu ameacha hapa tangu juzi jioni."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nilitazama kioo. Kijani. Nilitazama tena, nikidhani labda macho ni mazee. Kijani.

"Mercy," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye kisimani. "Na meseji ya leo asubuhi, ni nani amejibu?"

Nilisikia bodaboda ikipita upande wake.

"Mercy."

"Ni mimi, Shosh."

"Na ya jana?"

Alianza kulia kabla ya kujibu, na hapo nikajua naye amejua.

Nitawaambia nilichokumbuka wakati ule, nikitafuta viatu na kuvaa vya Nyambura. Kiwandani kulikuwa na wasichana waliochoka na mashine kusimamasimama. Walichukua kipande cha uzi wakakifunga kile kijibati juu, kisianguke tena. Mashine ikaenda vizuri, ikanguruma mchana kutwa, wakapata nafasi ya kuongea mambo ya wanaume. Jioni ukifungua kitambaa, kina shimo refu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama Wambui mwenyewe alifukuzwa wiki nzima kwa kosa hilo. Na sasa alikuwa amelifanya tena, kwa mashine yangu, na shimo lilikuwa ni yeye.

Bodaboda ilinifikisha Ruiru nikiwa nimemshika yule dereva shati hadi likachanika bega. Njia nzima niliomba, lakini nitasema ukweli wa ombi langu, maana Mungu alilisikia hata nikilificha. Sikuomba awe mzima. Niliomba awe hayuko, awe ameenda Murang'a kweli, mlango uwe na kufuli nje. Nilipopanda ngazi niliangalia chini, sikuthubutu kuinua macho. Halafu nikainua. Hakukuwa na kufuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mercy alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni, na wapangaji nyuma yake. "Tumegonga, Shosh," alisema. "Tumegonga sana." Wakanipisha njia. Sikutaka kupishwa. Niliweka kiganja kwenye lile bati la mlango nikashindwa kumwita, kwa sababu nikimwita na asiitike, basi. Ukiwa hujaita, bado kuna kitu. Nilisimama hivyo nikinusa. Naona haya kuandika, lakini ndicho nilichofanya, niliweka pua kwenye ufa wa mlango nikanusa kama mbwa, nikitafuta ile harufu ya Ngoingwa. Nilisikia sabuni. Nilisikia mkojo. Ndipo nikaita jina lake la usichana, ambalo hakuna mtu Ruiru analijua.

Kitu kikagonga sakafuni ndani. Mara moja. Kikakaa. Kikagonga tena.

Sijui nilisema nini. Wanasema nilimtukana. Yule fundi wa vyuma alivuka barabara na mashine yake ya kukata, wakavuta waya kutoka nyumba ya jirani, na cheche zikaruka juu ya viatu vya watu, na kelele ile ilikuwa mbaya hata nikaziba masikio, nikilia kwamba hatasikika tena akigonga. Komeo lilipoanguka niliingia wa kwanza. Alikuwa chini, kati ya kitanda na meza, mguu mmoja umegeuka upande usio wake, kikombe cha bati mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo. Alinitazama nilivyoinama, akafanya bidii kutoa sauti.

"Kai, kwani mlikuwa mnakuja na miguu?" alisema.

Alikuwa ameteleza Jumanne alfajiri akishuka kitandani, nyonga ikavunjika. Hayo alituambia hospitalini Thika, siku ya tatu, alipopata nguvu. Wodi ilikuwa na vitanda vingi kuliko nafasi, na wagonjwa wa pande zote mbili walinyamaza wamsikilize, kwa sababu hata akinong'ona, sauti yake ni ya tarumbeta. "Nilipoanguka sikuogopa," alisema. "Nilisema, leo si saa moja wataniuliza? Sitajibu. Saa tatu Mama Kuria atakuja na kilio chake. Nikalala hapo nangoja saa tatu kama mtu anayengoja chai. Jua likapanda ukutani. Nikasema, hii ni saa tatu. Likapanda tena. Ndipo nikakumbuka Mercy." Alilamba midomo iliyopasuka. Mwanamke wa kitanda cha kushoto akamwita Mungu, "Ngai." Mama Wambui akaendelea, akiangalia dari. "Hapo ndipo nililia. Si maumivu. Nilijua huko nje niko mzima. Kila mtu ananiona niko mzima."

Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia tangu siku ya kwanza na kila mara nikaishia kumnyooshea blanketi. Nilimwambia hapo, mbele ya wodi. "Ni mashine yangu iliyosema hivyo. Mimi ndiye niliiamini. Siku mbili nilikunywa uji nikikuangalia ukiwa kijani." Alinishika kidole, si mkono, kidole kimoja, akakivuta kwa nguvu hadi kikaniuma. "Na ni mdomo wangu ulimwagiza yule msichana," alisema. "Sasa tulie wote ama mmoja alie na mwingine aniletee maji?"

Nilirudi Membley nikaketi kwenye ile meza bila kuitwa, na safari hii mkono haukutoka jasho. Woga ulikuwa umehamia mahali pengine. Nilifuta kisanduku cha kijani. Nilifuta mshale wake. Nyambura alisimama nyuma yangu na hakusema vuta wala achilia. Neno nalo nikalibadilisha. Badala ya Umeamka, ikawa inauliza, Jana ulikula nini? Na kila jibu, vile lilivyo, lije kwa simu yangu nilisome mwenyewe, kwa sababu mtu wa kibandani anaweza kuandika niko salama miaka mia, lakini hajui ulikula nini.

"Shosh," Nyambura alisema taratibu, "sasa mashine haiamui chochote. Kazi yote imerudi kwako."

"Yake ni kubeba. Ibebe."

Asubuhi ya kwanza ya mpango huo sikuwa nyumbani. Nilikuwa wodini, nimeruhusiwa kuingia mapema kumwosha Mama Wambui, na tulikuwa tumemaliza, nimemsukia nywele mistari miwili. Saa moja simu yake ikalia juu ya blanketi. Yangu ikaanza kutetemeka mapajani: mmoja alikula mukimo, mwingine chai na mkate, mwingine hakula, tumbo linamsumbua, huyo nikamweka kichwani nimpigie. Nane wakaja. Mama Wambui alishika simu yake mbali na macho akaanza kuitafuta herufi ya kwanza kwa kidole gumba. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza. Alikuwa amekaa karibu nami hata nilisikia joto la mwili wake, nilimwona akipumua, niliona mshipa wa shingo ukipiga, na bado moyo wangu ulikuwa unagonga kama mtu aliye nyuma ya mlango. Dakika kumi na moja, nilizihesabu. Sikuthubutu kumwambia harakisha. Mwishowe simu ikatetemeka mapajani mwangu, nikaifungua.

UJI. HAUNA SUKARI. WEWE UKO HAPO UMEKAA TU.

Niliinuka nikaenda kutafuta sukari, nikishika ukuta njia nzima.